Nimerudi kujifunza gari nikiwa na miaka 43. Je, nilisahau, au sikuwahi kujua? Na mwalimu nimchagueje?

#1 Mama Pacha

Wakuu, habari za saa hizi. Nina jambo linanikera na naamini humu limewakuta wengi.

Nilijifunza gari nikiwa na miaka 24. Nikafaulu mtihani, nikapata leseni, halafu sikuendesha. Mwanzo hatukuwa na gari. Lilipopatikana akawa anaendesha mume wangu, kisha wakaja watoto, na kila nikiambiwa nishike usukani nikawa nasema kesho. Kesho hiyo imekula miaka 19. Sasa kazi imebadilika, lazima niendeshe, nimerudi kwa mwalimu.

Nilitegemea mwili utakumbuka, maana watu husema baiskeli haisahauliki. Lakini mguu wa kushoto haujui klachi (ile pedali ya kuunganisha injini na magurudumu) inashikia wapi. Gari linaruka kama chura, linazimika, jasho linanitoka mikononi. Nikawa najiambia ni umri.

Wiki iliyopita, somo la tano, tumesimama kwenye makutano. Chupa yangu ya maji ikabingirika chini hadi upande wa mwalimu (gari lake lina pedali pande zote mbili). Nikatupa jicho. Nikaona kiatu chake kiko juu ya klachi yake, kinaishusha taratibu, na pedali yangu inashuka nayo kabla sijaikanyaga. Njia ikafunguka, akaiachia yeye kwa ulaini kabisa, gari likaondoka, akaniambia "safi sana dada". Safi ya nani?

Usiku sikulala. Mwalimu wangu wa zamani naye alikuwa na hiyo "safi, safi" kila tukiondoka. Nikajiuliza: inawezekana sikusahau kitu, kwa sababu ule mguu haukuwa wangu tangu mwanzo?

Nataka kubadilisha mwalimu. Mliorudi ukubwani, mlitazama nini? Mpole au mkali? Mtu mnayefahamiana au mgeni kabisa?

#2 Kisiki

Pole dada. Ila huo ni woga tu. Mtu mzima anawaza sana. Kijana wa miaka 18 hawazi mochwari, anakanyaga mafuta anaenda. Acha woga, kaa barabarani, utazoea.

#3 Gia Tatu

Nimefundisha udereva miaka 12, niseme kidogo.

Mama Pacha, mguu wa mwalimu kukaa juu ya pedali si kosa. Ndiyo kazi yake. Mtoto akiruka barabarani sina muda wa kuanza kutafuta breki. Ila kuna mguu unaosubiri na mguu unaofanya. Mwalimu akikanyaga, papo hapo au gari likishasimama, anatakiwa aseme: "Hapo nimekusaidia breki, umeona kwa nini?" Asiposema, mwanafunzi anaondoka na ujuzi wa uongo. Anaamini aliweza.

Na niseme ukweli ambao wenzangu hawatapenda. Tunashika klachi ya mwanafunzi kwa sababu tumechoka. Gari likizimika kwenye makutano honi zinaanza, na klachi inayochezewa siku nzima inaisha, na kuibadilisha ni gharama. Kwa hiyo mguu unaenda wenyewe. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, na nawafikiria wale niliowafundisha wakati ule.

#4 Hesabu Kali

Uzi mzuri. Kusahau nako si jambo la kupuuza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885 kuhusu namna kumbukumbu inavyoporomoka: sehemu kubwa inapotea mapema kabisa, siku ya kwanza tu, kisha kasi ya kupotea inapungua. Sasa miaka 19 bila kugusa usukani, utabaki na nini?

#5 Jicho la Tatu

Mkuu #4, sahihisho kidogo. Ebbinghaus alikuwa anakariri silabi zisizo na maana, na aliyekuwa anapimwa ni yeye mwenyewe. Hakupima miguu kwenye klachi. Kinachokaa mwilini, kama kuogelea na hiyo baiskeli anayoitaja dada, hudumu kuliko maneno ya kukariri. Kwa hiyo ukimtumia Ebbinghaus hapa unaipa nguvu hoja ya Mama Pacha: kama ingekuwa imeingia mwilini, ingebaki japo kidogo.

#6 Hesabu Kali

Nimekubali sahihisho. Ila kuendesha gari si mwili peke yake. Kuna kusoma alama, kukisia anayekuja ana kasi gani, kuamua nani ana haki ya kupita. Hayo ni ya kichwa, na ya kichwa yanachuja.

Mama Pacha, hebu tuambie: katika yote uliyofundishwa zamani, kuna lolote mwili umelikumbuka vizuri? Hata moja.

#7 Mzee wa Kona

Dada, mimi nilirudi nikiwa na miaka 51, na sikuwa nimesahau chochote.

Nilikuwa dereva mzuri. Siku moja, mimi nikiwa abiria tu, gari letu liligongwa ubavuni kwenye makutano. Sikuumia. Nilikaa kwenye kiti naangalia vipande vya kioo vimejaa mapajani, vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Baada ya hapo nilijaribu kuendesha mara mbili. Kila nikifika kwenye makutano mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka hadi goti. Nikaacha miaka 8.

Mwalimu niliyempata siku ya kwanza hakuwasha gari. Tulikaa ndani, akaniambia nifunge mkanda, nirekebishe kiti, nirekebishe vioo, nimweleze kilichonipata. Tukashuka. Siku ya pili tukazunguka kwenye kiwanja kitupu. Tukaenda hatua kwa hatua, na makutano ya kwanza tuliyavuka somo la sita. Kila ngazi tulirudia mpaka mguu ukatulia, ndipo tukapanda nyingine. Baadaye nikajua kwamba madaktari wa akili hutibu hofu kwa njia hiyo hiyo, yeye aliifahamu kwa uzoefu wake.

Kwa hiyo Kisiki, "acha woga kaa barabarani" ingeniua mimi. Samahani kwa kusema wazi.

#8 Kisiki

Mzee wangu, pole sana na shikamoo. Yako ni tofauti, ulipata ajali. Nilimaanisha woga wa kawaida.

#9 Binti Lami

Kisiki kila uzi dawa yako ni moja 😂 Ukiingia uzi wa meno utasema acha woga ng'oa.

Dada, kwa nini unahangaika na manyuo (gari la gia za mkono)? Chukua otomatiki. Huna klachi, huna kubalansi mlimani, miguu miwili inabaki mmoja. Nilijifunza hivyo nikiwa na miaka 35 na naendesha kila siku.

#10 Gia Tatu

Otomatiki ni ushauri halali kabisa kwa mtu mzima anayerudi. Inampunguzia kazi za mikono na miguu, akili inabaki kwa ajili ya barabara. Ila acheki sheria za kwake kwanza. Uingereza, kwa mfano, ukifanyia mtihani gari la otomatiki leseni yako inakuruhusu otomatiki tu. Na kwenye otomatiki kosa linalotisha ni kukanyaga mafuta ukidhani ni breki, hasa wakati wa kupaki. Atumie mguu wa kulia tu kwa pedali zote mbili. Wa kushoto upumzike pembeni.

#11 Dereva wa Usiku

Mimi nina maelezo tofauti na wote. Macho.

Angalieni mtu aliyerudi baada ya muda mrefu. Anatazama boneti. Anatazama mstari ulio mita tano mbele. Kwa hiyo kila kitu kinamfikia kama ngumi. Akiinua macho akatazama mbali, pale barabara inapopotelea, usukani unatulia wenyewe na kasi inaonekana ya kawaida. Nilipanda na mwanafunzi mmoja anayeyumba kama mlevi. Nikamwambia kitu kimoja tu: "Tazama ule mti." Gari likanyooka.

La pili, kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho inapoteza ule uwezo wa kujivuta, ndiyo maana watu wanaanza kusogeza simu mbali wasome. Kutoka kwenye kipimo cha kasi kwenda barabarani na kurudi, jicho linachelewa kutulia. Usiku taa za wanaokuja zinaumiza zaidi. Mtu anasema "nimesahau kuendesha" kumbe anahitaji miwani. Dada, umepima macho?

#12 Binti Lami

Hili la macho sijawahi kulisikia likisemwa kwenye darasa la udereva. Asante.

#13 Hesabu Kali

Na kuchelewa huko si kitu kidogo. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa unakula mita 10 kila sekunde.

#14 Jicho la Tatu

Mita 14 mkuu. Gawanya 50 kwa 3.6. Kuona hatari mpaka mguu ufike kwenye breki chukulia sekunde moja na nusu: umeshakwenda mita 21 na breki hata haijaanza kazi. Kisha ongeza umbali wa breki yenyewe, ambao kasi ikizidi mara mbili, wenyewe unazidi mara nne.

#15 Hesabu Kali

Leo unanisahihisha tu 😅 Sawa, 14.

#16 Mama Pacha

Asanteni jamani, nasoma yote. Mzee wa Kona, shikamoo, habari yako imenigusa. Macho sijapima, nitakwenda. Swali la Hesabu Kali nitalijibu nikilifikiria vizuri.

Nimeshaagana na mwalimu yule. Hakukasirika. Aliniambia, "Dada, wengi wanataka leseni, hawataki kujua." Sikumjibu, lakini neno hilo limebaki kichwani. Mume wangu anasema nisilipe mtu mwingine, atanifundisha yeye.

#17 Binti Lami

USIKUBALI. Mpende, mpikie, lakini usimruhusu akufundishe gari.

#18 Kisiki

Hapo naungana na Binti Lami, mara ya kwanza tangu nijiunge humu. Nilimfundisha mke wangu wiki mbili. Siku ya tatu hatuongei. Gari ni langu, kila akigusa gia naisikia tumboni. Nilikuwa nafoka bila kujijua. Siku moja akasimamisha gari pembeni, akazima, akaniwekea ufunguo mapajani, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nilimwomba radhi. Ila alikuja kujifunza kwa mtu mwingine na sasa ni dereva makini kunishinda. Kwa hiyo na mimi nilishakosea, nakiri.

#19 Mzee wa Kona

Umesema kiume kijana wangu.

#20 Mwalimu Sofa

Napingana kidogo. Mimi nilifundishwa na kaka yangu na tulikwenda vizuri. Tatizo si undugu, ni pedali. Gari la nyumbani halina breki upande wa pili, anayefundisha hana uwezo wowote zaidi ya mdomo, ndiyo maana anafoka. Mpe mtu yule yule gari lenye pedali pande zote mbili atakuwa mpole. Mume anafaa kwa mazoezi baada ya masomo, si kwa masomo yenyewe. Na waangalie bima na sheria kwanza, kila mahali pana masharti yake ya nani anaruhusiwa kukaa na mwanafunzi.

#21 Gia Tatu

Naunga mkono #20, ukali mwingi ni hofu ya mwalimu mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye swali la dada, maana tumezunguka bila kumjibu. Usimuulize mwalimu ni mpole au mkali, kila mtu atasema mpole. Muulize somo la kwanza atafanya nini na mtu mwenye leseni ya miaka 19 isiyotumika. Akikujibu haraka "tutaanza mwanzo kabisa", ana ratiba moja kwa watu wote. Akikuambia "nitakuweka sehemu tulivu nione unachoweza", huyo anafikiri. Muulize kama gari mtakuwa wawili au atajaza wanafunzi wengine nyuma wakisubiri zamu. Kuna wanaojifunza kwa kutazama, lakini mtu mzima mwenye aibu akiwa na macho matatu kisogoni haendeshi, anaigiza. Muulize kama gari litakuwa lile lile kila somo, kwa sababu klachi ya kila gari inashikia mahali pake.

Halafu sentensi moja umwambie kabla hujawasha: "Ukinisaidia pedali, niambie." Tazama uso wake. Akikunja, shuka.

Na kwenye somo lenyewe angalia simu. Mwalimu anayesoma simu barabarani amekuacha peke yako na gari ambalo bado hulijui.

#22 Dereva wa Usiku

Ongezea kiti. Mwalimu asiyekurekebishia kiti siku ya kwanza simwamini. Klachi ikizama mpaka mwisho goti libaki limekunjwa kidogo. Kifua kiwe kama sentimita 25 kutoka kwenye usukani, kwa sababu ya mfuko wa hewa. Wanawake wengi wafupi wanakaa wameubana usukani kwa sababu hakuna aliyewaambia kiti kinapanda juu. Mguu unaoning'inia hauwezi kuachia klachi taratibu, hata uwe na kipaji gani.

#23 Mwalimu Sofa

Hii ya kiti huenda ndiyo jibu la kurukaruka kama chura. Kisigino kikielea, hakuna mahali pa kuegemea, mguu unaachia wote kwa mkupuo.

#24 Hesabu Kali

Kuhusu mkali na mpole: woga kidogo unasaidia, ukizidi unaharibu. Ni kanuni ya wanasaikolojia Yerkes na Dodson, 1908. Kwa hiyo mwalimu mkali kiasi ndiye mzuri.

#25 Jicho la Tatu

Mkuu samahani, mara ya mwisho leo 🙏 Yerkes na Dodson walifanya jaribio kwa panya na shoti za umeme. Na walichokiona ni kwamba kazi ikiwa ngumu, kiasi cha shoti kinachofaa kinashuka. Kuendesha kwa anayerudi ni kazi ngumu. Ukitaka kuwafuata hao, mwalimu mpole anashinda.

#26 Hesabu Kali

Basi leo nalala mapema.

#27 Mama Pacha

Wakuu, nimerudi na taarifa, wiki tatu zimepita.

Macho: nimepima, nimepewa miwani, Dereva wa Usiku Mungu akubariki. Kiti: nilikuwa nakaa chini mno. Mwalimu mpya ni mama mmoja mtu mzima. Nilimwambia ile sentensi ya Gia Tatu. Akacheka, akasogeza kiti chake nyuma, akaweka miguu yote miwili bapa sakafuni nikiiona, akasema, "Kwenye kiwanja hiki miguu yangu iko likizo. Tukitoka barabarani itarudi karibu na breki, lakini ikikanyaga utasikia mdomo wangu kwanza."

Kiwanjani gari lilizimika mara tatu. Mara ya nne akasema niache mafuta kabisa, nitumie klachi tu, niiachie taratibu kisigino kikiwa kimeegemea sakafu, nisikilize. Nikasikia. Sauti ya injini inashuka kidogo, kama mtu anayebeba ndoo nzito, boneti inainuka kiduchu, na mtetemo unaingia kwenye soli ya kiatu. Akasema, "Hapo. Usihame." Nikakaa hapo. Gari likaanza kwenda lenyewe polepole kama mtoto anayetambaa. Wakuu, miaka 19 na leseni mfukoni, sikuwahi kuusikia mtetemo huo. Nililia. Mama yule akanyamaza, akaniacha.

Barabarani nilizimika tena kwenye makutano, nyuma wakapiga honi. Akasema tu, "Honi haivunji kioo. Hendibreki, nyutro, washa." Nikaondoka.

Sasa jibu la Hesabu Kali. Kuna kitu mwili ulikikumbuka: rivasi na kupaki. Siku aliponiambia nirudi nyuma katikati ya nguzo mbili nilifanya mara ya kwanza bila kugusa. Mikono ilijua. Nimewaza kwa nini. Nikakumbuka yule mwalimu wa zamani, wakati wa kupaki alikuwa anashuka nje anasimama nyuma ya gari ananiongoza kwa mikono. Ndani nilikuwa peke yangu. Hakukuwa na mguu mwingine.

#28 Gia Tatu

Dada hii nitawasomea walimu wenzangu kesho asubuhi.

#29 Mzee wa Kona

Hongera sana mwanangu.

#30 Jicho la Tatu

Hongera dada. Ila hiyo ya kupaki haijamaliza ubishi. Kwenye kupaki hakuna magari yanayokuja, hakuna honi, unakwenda polepole. Kisiki anaweza kusema ni woga, kwamba pasipo woga mwili ulikumbuka. Na rivasi ni ya mikono na shingo zaidi kuliko klachi.

#31 Kisiki

Sikutaka kusema, lakini ndiyo.

#32 Mwalimu Sofa

Klachi inatumika kwenye rivasi pia, tena kwa utaratibu kuliko kwenda mbele. Kama mguu uliweza kurudi nyuma, kwa nini haukuweza kwenda mbele? Mimi bado nasema ni kiti.

#33 Binti Lami

Kiti ni kile kile kwenye rivasi Sofa 😂

#34 Mama Pacha

Jamani bishaneni, nasoma. Kesho jioni tuna somo la kwanza la giza na wingu limefunga. Dereva wa Usiku, taa za wanaokuja zikinipiga machoni nitazame wapi?

#35 Dereva wa Usiku

Usizitazame. Punguza kasi mapema, shusha macho kwenye mstari wa ukingo wa barabara upande wako, ufuate huo mpaka apite. Safisha kioo cha mbele ndani na nje kabla hamjaondoka, uchafu ndio unaotawanya mwanga. Na miwani pia uifute.